Fidia ya Madhara ya Chanjo: Kupatana Si Kukiri Kosa

Kila mara kazi ya kuchanja inapopita katika skimu zetu, iwe ni kuchanja ng'ombe au kuchanja watoto, maneno ya namna mbili huzuka nyuma yake. Mkulima mmoja husema ndama wake amekufa kwa ajili ya sindano, naye ataka alipwe. Mkulima wa pili husikia kwamba jirani yake amelipwa, akakata shauri moyoni kwamba sindano ni sumu, na siku nyingine wachanjaji wakija huwaficha wanyama wake msituni. Mwezi huu twataka kusema na wote wawili.

Maoni yetu ni haya. Mtu anayeona kwamba ameumizwa na chanjo, yeye au mtoto wake au mnyama wake, ana haki ya kudai fidia, wala asione haya. Tena mara nyingi itamfaa kupatana na mwenye kudaiwa kuliko kuifuata kesi mpaka mwisho. Lakini mapatano ni makubaliano ya bei, si hukumu. Anayelipa hajakiri kosa, na anayelipwa hajathibitisha kwamba dawa ilikuwa mbaya. Asiyeelewa jambo hilo atajiumiza mara mbili: atatia mkono karatasi ambayo hakuifahamu, kisha atawatisha majirani zake bure.

KESI YA MWAKA 1955

Tazama mambo yaliyotokea Marekani. Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa kwamba chanjo ya polio ya Dakta Jonas Salk imejaribiwa na kuonekana kuwa inafaa. Siku ile ile Serikali ya Marekani ikatoa ruhusa kwa makampuni kuiuza. Chanjo yenyewe ilikuwa na virusi vya polio vilivyouawa kwa dawa ya formalini. Kampuni mojawapo ilikuwa Cutter Laboratories ya mji wa Berkeley, California. Katika baadhi ya mafungu ya chanjo yake, virusi havikufa vyote.

Watoto wakaanza kupooza, na mara nyingi kiungo kilichopooza kwanza kilikuwa kile kile kilichochomwa sindano. Madaktari wakapeleka habari, namba za dawa zikatazamwa, zikaelekea kwenye kampuni moja. Tarehe 27 Aprili chanjo ya Cutter ikaondolewa sokoni. Hata hivyo yakadiriwa kwamba watoto kama 120,000 walikuwa wamekwisha kupewa chanjo yenye virusi hai. Wapatao 40,000 walipata ugonjwa mwepesi, 200 wakapooza, wengine kidogo na wengine sana, na 10 wakafa.

Wazazi wa watoto wawili waliipeleka kampuni kortini. Mnamo Januari 1958 wananchi walioitwa kusikiliza kesi, ambao Wamarekani huwaita juri, walitoa jibu lililowashangaza wengi. Je, kampuni ilifanya uzembe? Wakasema la, haikufanya. Je, dawa iliyouzwa ilikuwa kama ilivyopasa kuwa? Wakasema la, haikuwa, kwa maana mwenye kuuza chanjo huahidi kwamba inafaa kwa kazi yake, na hii iliwapa watoto ugonjwa ule ule iliopasa kuwakinga nao. Basi kampuni iliamriwa kulipa jumla ya dola 147,300. Ilikata rufani, lakini mwaka 1960 korti ya rufani ya California iliithibitisha hukumu. Madai mengine mengi ya watu walioumizwa na chanjo ile yalimalizwa kwa mapatano nje ya korti.

Angalia vizuri, msomaji. Kesi ile ilishinda kwa sababu uthibitisho ulikuwako. Namba ya dawa ilijulikana, siku ya sindano ilijulikana, na ugonjwa uliompata mtoto ulikuwa ni ule ule uliokuwa hai ndani ya chupa. Madai mengi ya chanjo si mepesi hivyo. Mtoto hupata homa na degedege hata kama hakuchanjwa. Ng'ombe hutupa mimba hata katika boma ambalo mchanjaji hakufika. Jambo likitokea baada ya sindano, haifuati kwamba limetokea kwa ajili ya sindano. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo mapatano yanapoanza.

KWA NINI WATU HUPATANA

Chukua mfano wa nyumbani. Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga katika miaka ya 1970. Mnyama hudungwa vijidudu hai vya ndigana, na papo hapo hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa uje kwa upole naye apate kinga. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mnyama. Vijidudu huhifadhiwa katika naitrojeni yenye baridi kali sana, na vikisha kuyeyushwa sharti vitumiwe kwa muda wa saa chache tu.

Sasa tuseme una mtamba wa thamani ya shilingi 80,000. Alichanjwa, na katika juma la tatu amekufa. Ni kosa la nani? Yawezekana mchanjaji alikisia uzito kwa macho, na dawa ikapungua. Yawezekana mtamba alikuwa amekwisha kuumwa na kupe wenye ndigana kabla ya siku ya sindano. Yawezekana pia aliuawa na ndigana baridi, ambayo chanjo hii haiizuii kabisa. Wewe unasema ni sindano, mchanjaji anasema ni kupe, naye mtamba hawezi kusema.

Wewe wahofu kwamba ukishindwa utapoteza mtamba na gharama za kesi pia. Mwenye kudaiwa naye ahofu kwamba ukishinda atalipa thamani ya mnyama na gharama zako, na kazi yake itapata jina baya. Mapatano huzaliwa kati ya hofu hizo mbili. Akikupa shilingi 50,000 leo, hakusema kwamba yeye ndiye aliyemwua mtamba. Amenunua amani. Nawe ukizipokea, hukusema kwamba mtamba wako alikuwa wa 50,000. Umeuza mashaka yako.

Wazee walisema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Neno hilo ni la kweli katika madai ya chanjo kuliko katika madai mengi mengine. Lakini wazee walisema kenda, hawakusema tatu. Ukipewa shilingi 10,000 kwa mtamba wa 80,000, na vyeti vyote unavyo mkononi, hayo si mapatano, ni dharau, na yafaa ukatae kwa adabu.

Wala usitishwe na mtu anayekuambia kwamba kesi itakaa miaka kumi. Kwa sheria ya mwaka 2016 tunayo Korti ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka shauri liishe kwa siku 60. Waweza kusimama huko mwenyewe bila wakili. Mwenye kudaiwa akijua kwamba wewe wajua njia ya korti hiyo, atakusikiliza vizuri zaidi mezani. Hata hivyo, huko nako utaulizwa uthibitisho.

WENZETU WAMEFANYA NINI

Nchi nyingine zimeona kwamba si haki kumwachia mzazi maskini mzigo wa kushindana na kampuni kubwa juu ya jambo ambalo hata madaktari hubishana. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1979. Mtu aliyelemazwa sana na chanjo hulipwa fedha zilizokwisha kutajwa, bila kuthibitisha kosa la mtu. Mwanzoni zilikuwa pauni 10,000, na tangu mwaka 2007 zikawa pauni 120,000. Lakini lazima aonyeshe kwamba chanjo ndiyo iliyomlemaza, na kwamba ulemavu wake umefika asilimia 60.

Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1986, na kazi ikaanza tarehe 1 Oktoba 1988. Kila dozi hutozwa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa, na fedha hizo huwekwa katika mfuko wa fidia. Sheria ina orodha ya madhara na muda wake. Mtu akipata dhara lililo katika orodha, ndani ya muda uliotajwa, huhesabiwa kwamba chanjo ndiyo sababu, mpaka sababu nyingine ionyeshwe. Kwa mfano, mzio mkali wa kuangusha mtu sharti uonekane ndani ya saa 4. Wakili wa mwenye kudai hulipwa na mfuko, hata dai likishindwa, mradi lililetwa kwa nia njema na kwa sababu za maana. Kwa kawaida mwenye kuumia sharti alete dai ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza.

Yafaa ukumbuke hesabu mbili za mfuko huo. Ya kwanza ni kwamba, tangu mwaka 2006, kwa kila dozi milioni moja zilizotolewa, ni kama mtu mmoja tu aliyelipwa. Ya pili ni kwamba kama asilimia 60 ya malipo yote yametokana na mapatano ambayo ndani yake wizara ya afya ya Marekani haikufikia uamuzi kwamba chanjo ndiyo iliyoleta madhara. Fedha zimelipwa, mgonjwa amesaidiwa, na swali la sababu limeachwa wazi. Basi mtu akikuletea hesabu ya fedha zilizolipwa Marekani akasema, "Tazama, wamekiri," mjibu kwamba hajui maana ya mapatano.

Kenya nayo imeonja jambo hili. Wakati wa ugonjwa wa Korona, mpango wa COVAX uliweka mwaka 2021 utaratibu wa fidia kwa nchi 92, na yetu ikiwamo, kwa watu waliopata madhara makubwa ya chanjo zilizoletwa na mpango huo. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kosa la mtu. Lakini aliyekubali malipo aliacha haki ya kudai tena kwa jambo lile lile. Zaidi ya utaratibu ule, nchi yetu haina mfuko wa namna hiyo uliowekwa na sheria kwa chanjo zote. Sisi twaona kwamba Bunge lingefanya vyema kulifikiria. Serikali ikimwomba mwananchi akubali sindano kwa faida ya wote, ni haki wote wamsaidie yule mmoja aliyeumia. Mfuko kama huo haudhoofishi chanjo. Huwapa watu imani, kwa sababu huonyesha kwamba hawatatupwa.

MAMBO YA KUFANYA

Mpaka siku hiyo ifike, haki yako imo katika sheria tulizo nazo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kulipwa kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Kifungu cha 159 chazitaka korti kutia nguvu upatanishi na suluhu. Lakini sheria humsaidia aliyejiandaa. Shika mambo haya:

1. Andika siku ya sindano. Katika daftari lako tia tarehe, jina la mchanjaji na namba yake ya kazi, jina la chanjo, namba ya fungu iliyopigwa chapa kwenye chupa, na siku ya mwisho ya kutumika. Kama ni ng'ombe, tia namba ya hereni ya sikio. Kama ni mtoto, hakikisha kadi ya kliniki imejazwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fidia ni mali.

2. Toa habari mara moja. Kwa mtoto, nenda zahanati au hospitali siku ile ile uonapo dalili, na utake iandikwe. Kwa mnyama, mwite afisa wa mifugo. Akifa, usimchune wala usimle wala usimzike kabla hajapasuliwa na kutazamwa na daktari wa mifugo. Mnyama aliyekwisha kuzikwa hana ushahidi. Kumbuka pia kwamba mwaka 1955 ni habari za haraka zilizoiondoa dawa mbaya sokoni na kuwaokoa watoto wengine.

3. Usingoje. Kwa kawaida dai la madhara hufa baada ya miaka 3, na dai la namna hiyo juu ya Serikali hufa baada ya miezi 12. Mazungumzo ya mapatano hayasimamishi saa. Wako watu waliofurahishwa kwa barua nzuri mwezi hata mwezi, mpaka muda ukapita, kisha barua zikakoma.

4. Hesabu hasara yote kabla ya kutaja bei. Kwa ng'ombe, hesabu thamani yake, maziwa yaliyokosekana, dawa na ada ya daktari. Kwa mtoto aliyelemaa, hesabu si ya mwaka huu tu. Ni nani atakayembeba kwenda shule? Mama atapoteza siku ngapi za kazi shambani? Atahitaji viatu vya chuma na mazoezi mpaka miaka mingapi? Marekani, fedha za matunzo ya baadaye mara nyingi hupangwa zilipwe mwaka kwa mwaka, ili zisimalizike mtoto angali mdogo. Wewe nawe waweza kuomba malipo ya namna hiyo. Fungu moja kubwa la fedha huleta jamaa wengi, na trekta la mtumba, na baada ya mvua mbili mtoto hana kitu.

5. Soma kabla ya kutia mkono. Karatasi ya mapatano karibu daima husema kwamba malipo haya ni ya mwisho kabisa. Maana yake ni kwamba hali ya mtoto ikizidi kuwa mbaya mwakani, huwezi kurudi. Kwa hiyo usipatane kabla daktari hajasema hali imetulia, ila kama muda wa sheria unakukimbiza, na hapo wakili apeleke dai kortini kwanza. Kesi ya mtoto ikiwa imekwisha kuwa kortini, mzazi hawezi kuimaliza kwa mapatano bila ruhusa ya korti, na sheria hiyo ni njema kwa sababu fedha ni za mtoto, si za mzazi. Kama hujui kusoma lugha ya karatasi, mtafute wakili au mtu mwaminifu akusomee neno kwa neno. Kidole gumba hakifutiki.

6. Usiuze kinywa chako chote. Makampuni mengine hutaka sharti la kunyamaza. Kukubali usitangaze kiasi cha fedha ulicholipwa si vibaya. Lakini usikubali sharti la kukuzuia kutoa habari za madhara kwa daktari, kwa afisa wa mifugo, au kwa bodi ya Serikali inayoangalia dawa. Amani yako isinunuliwe kwa ndama wa jirani.

KWA JIRANI WA ALIYELIPWA

Neno la mwisho ni lako wewe uliyesikia kwamba fulani amelipwa. Usimwonee wivu, wala usifanye malipo yake kuwa hukumu. Hujui kilichosemwa mezani. Labda dawa ilikuwa na kasoro kweli. Labda mchanjaji aliona gharama ya kesi ni kubwa kuliko bei ya ndama. Kama unataka kujua habari za dawa, usitazame hundi. Uliza habari za uchunguzi: mnyama alipasuliwa, akaonekana na nini? Namba ya fungu lile imetazamwa? Wanyama wengine waliochanjwa kwa chupa ile wako hali gani?

Baada ya msiba wa 1955 Wamarekani hawakuacha kuchanja. Walilipa waliopaswa kulipwa, wakakaza namna ya kuipima chanjo kabla ya kuuzwa, kisha wakaendelea, na polio ikashuka. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, nasi tufanye vivyo hivyo: anayestahili fidia aidai kwa vyeti na kwa heshima, na siku ya kuchanja ng'ombe wote wa skimu wawe kwenye kraschi mapema, wenye wanyama wakiwa na daftari na kalamu mkononi.